Jiko la Rangi za Ndugu

Katika Kindu yote hapakuwa na mwanamke aliyejua kusiriba jiko kunipita mimi. Basi, tuseme mtaa wetu, maana Kindu ni kubwa. Na katika mtaa wetu alikuwapo jirani yangu mmoja ambaye ukuta wake haukupasuka hata mara moja, na wangu ulipasuka. Lakini jirani huyo amekwisha kufa, hayupo wa kunibishia, kwa hiyo narudia: hakuna aliyenipita. Isipokuwa mjukuu wangu Mwanahamisi, na habari yake ndiyo hii.

Wakati huo nchi yetu iliitwa Zaire na Chama kilikuwa kimoja tu. Mwanahamisi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alfajiri alikuwa akichota maji, akifagia uwanja na kuchochea moto, ndipo aende shuleni, ambako watoto walisimama mstari na kuimbia bendera ya kijani kabla ya kufundishwa hesabu. Aliporudi alipika. Hakuwa na msaidizi, kwa sababu dada yake Halima alikuwa karibu kuolewa, na kwetu bibi arusi hatoki nje wala hashiki udongo. Hukaa ndani akisuguliwa mafuta na kulishwa mpaka achoke kula.

Mchumba wa Halima aliitwa Bakari, mfanyabiashara wa Kibombo, kijana mtulivu. Shangazi yake, Bi Hawa, hakuwa mtulivu. Ndiye aliyetumwa kuja kututazama kabla ya ndoa. Sasa sikilizeni desturi yetu. Shangazi wa bwana arusi hapitii mlango wa mbele. Huzunguka nyuma ya nyumba, akaingia jikoni na kukaa humo. Sebule inaweza kuazima viti kwa jirani, lakini jiko haliazimi kitu. Akiridhika, huomba maji ya kunywa. Asipoomba maji, hurudi kwao na kiu yake, na ndoa hupoa kama uji uliosahauliwa. Bi Hawa alikwisha kutoka kwenye nyumba mbili na kiu yake.

Na jiko letu lilikuwa jeusi kwa moshi kutoka juu mpaka chini.

Mama yake Mwanahamisi aliitwa aende kijiji cha Tunda, kwa dada yake aliyekuwa karibu kujifungua. Kabla ya kuondoka alimshika mtoto bega.

“Ni wewe njo utasiriba jiko,” alimwambia. “Mgeni atafika Jumapili na treni. Mimi nitarudi siku hiyo hiyo. Halima hawezi kushika udongo, na Koko mgongo wake unauma.”

Koko ni mimi. Ni kweli mgongo uliniuma. Huniuma kila kazi inapokaribia.

Siku ya Jumanne alikuja rafiki yake Mwanahamisi, mtoto wa fundi mmoja wa reli. Nyumbani walimwita Scholastique. Shuleni, kwa kuwa majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa, aliitwa Matata, na mwalimu aliyemchagulia jina hilo alikuwa anamfahamu vizuri. Matata alisimama mlangoni mwa jiko, akacheka.

“Utapaka nini humu? Udongo? Jiko litafanana na kuku aliyenyeshewa! Baba iko na rangi ya kijani ilibaki kule kwa reli. Nitakuletea kopo. Tutapaka kijani, halafu mstari mwekundu. Huyo shangazi ataanguka!”

Mwanahamisi alipenda. Nani asingependa? Alinitazama.

“Koko, kijani ni kizuri, si ndiyo?”

“Kizuri sana,” nikasema. “Mgeni ataona kijani. Sufuria zako ulizosugua kwa mchanga hataziona. Wali hatauona. Na moshi ukipita juu ya kijani, utapata rangi ya chura mgonjwa.”

“Sasa nipake nini?”

“Ukuta wa jiko usipige kelele, mwanangu. Mwenye kusema ni chakula. Chukua rangi ambazo ni ndugu. Nyeupe ya udongo wa mtoni, kijivu ya majivu, hudhurungi ya kichuguu. Usizipake kila moja peke yake kama watu waliogombana. Changanya, kila moja iwe na damu kidogo ya mwenzake. Chini, panaporuka maji na masizi, weka yenye kivuli. Katikati weka mtoto wao. Juu weka nyeupe, ikurudishie mwanga. Na umbali kati yao uwe kama wa ndugu: wafanane, lakini mtu asimwite huyu kwa jina la yule.”

Matata alipinda mdomo. “Rangi tatu ambazo hazionekani!”

“Zitaonekana,” akasema Mwanahamisi. Alikuwa amekwisha kunyanyua kidevu. Kidevu hicho nakijua. Alikirithi kwangu, ingawa mama yake husema ni cha babu.

“Kabla hujapaka,” nikamwambia, “weka madoa ya kujaribu ukutani nyuma ya jiko, uyaache yakauke siku nzima. Udongo mbichi ni mwongo.”

Alikwangua masizi, akaziba nyufa. Akaenda mtoni na ndoo, akarudi na udongo mweupe. Akachekecha majivu, akaponda udongo wa kichuguu, akachemsha uji mwepesi wa muhogo wa kushikisha rangi ili isihamie kwenye nguo za watu. Halafu akachanganya katika mabeseni matatu. Hapo akaona mambo mazuri: beseni la kwanza jeupe kama maziwa, la pili kama chai, la tatu kama wingu la mvua. Siku zilikuwa zinakimbia. Madoa akayaacha. Alhamisi yote alipaka, na jioni akatuita tuone. Ukuta ulikuwa bado mbichi, umegawanyika vizuri katika mikanda mitatu. Hata Matata alitazama mara mbili.

Ijumaa alipotoka shuleni alikwenda moja kwa moja jikoni. Nikasikia kimya. Mtoto akipiga kelele sina wasiwasi, lakini kimya kilininyanyua, mgongo na yote.

Ukuta ulikuwa umekauka. Mikanda mitatu ilikuwa imepotea. Kuanzia juu mpaka chini palikuwa na rangi moja ya uji uliopoa, na hapa na pale alama za mkono zikionyesha mahali ambapo mtu alikuwa ameshindwa.

Matata alikuwa amesimama nyuma yetu. “Si nilisema? Kuku aliyenyeshewa. Tena amekauka!”

“Uliweka madoa?” nikamwuliza Mwanahamisi.

Angeweza kunidanganya. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia Alhamisi; angesema ilifuta madoa, nami nisingejua. Machozi yalimjaa, lakini akanitazama machoni.

“Sikuweka, Koko. Niliona rangi nzuri katika mabeseni, nikaharakisha.”

“Basi kosa tunalijua,” nikasema. “Kosa linalojulikana linarekebishika.”

“Litarekebishika namna gani? Madoa yanataka siku nzima kukauka, na mgeni yuko njiani! Hatanywa maji. Halima atavunjiwa posa kwa ajili yangu!”

Kutoka ndani ya nyumba tukasikia sauti ya Halima, ambaye alikuwa amesikia kila kitu: “Mwanahamisi, usilie! Kama ni kukimbizana na siku, mimi natoka nakusaidia!”

“Kaa ndani na mafuta yako!” nikamjibu. “Ukishika udongo mgeni atakimbia mbele yako.”

Mwanahamisi akacheka huku akilia, akapangusa pua. Akakaa mbele ya mafiga, akautazama moto muda mrefu. Kisha akaokota kigae cha chungu kilichovunjika, akachovya kidole katika beseni, akapaka doa kwenye kigae na kukiweka karibu na makaa. Lile doa likapauka mbele ya macho yetu. Kabla maharagwe yaliyokuwa motoni hayajachemka, lilikuwa limekauka kabisa.

“Koko!” akapaza sauti. “Moto utaniambia ukweli leo leo!”

Nilitaka kusema wazo hilo nilikuwa nalo tangu zamani. Lakini Matata alikuwa ananitazama.

Kazi ikaanza upya. Mwanahamisi akaongeza ukufi wa majivu katika beseni la rangi ya chini, akapaka kigae, akangoja. Bado. Akaongeza ukufi mwingine na kichuguu kidogo. Akapaka, akangoja. Matata alikaa kando akicheka, halafu akaacha kucheka, halafu akasogea, na mwishoni nikamwona amekunja gauni na kupuliza moto.

“Hii imepita, imekuwa nyeusi sana,” Matata akasema. “Inamkimbia ndugu yake.”

“Nimeona. Tuirudishe na nyeupe kidogo.”

“Na hii ya katikati?”

“Hiyo nitachota kwa wa juu na kwa wa chini, sawasawa. Si ni mtoto wao?”

Vigae vikajaa pembeni mwa moto. Walipopata vitatu vilivyokaa pamoja bila kugombana na bila kupotezana, ndipo walipokwangua ukuta ulioharibika na kunyanyua vitambaa vya kupakia. Jumamosi asubuhi mtaa mzima ulitoka kwenye salongo, kufyeka majani ya barabara kwa amri ya serikali. Watoto hao walifyeka sehemu yao, wakarudi mbio, wakapaka mpaka jua likazama. Mikono yao ilikuwa ya kijivu hadi kwenye viwiko.

Jumapili treni ilifika mchana. Ilitazamiwa asubuhi, na kwa treni ile kufika siku ile ile ni kuwahi. Mama yake Mwanahamisi alikuwa amerudi kutoka Tunda, na hakuwa ameruhusiwa kuingia jikoni. “Utaona na mgeni,” Mwanahamisi alimwambia. Wamanyema wenzangu, mmeona kiburi hicho?

Bi Hawa akazunguka nyuma ya nyumba, mwanamke mpana, kitenge kimefungwa mafundo makubwa kiunoni. Akainama, akaingia. Sisi tukasimama mlangoni kama washitakiwa.

Jiko lilikuwa limekaa kimya. Chini, kijivu ya bawa la njiwa. Katikati, rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Juu, weupe wa muhogo uliomenywa, ukirudisha mwanga hata kwenye kona. Hapakuwa na rangi iliyomsukuma mwenzake. Na mbele ya ukuta huo sufuria zetu, sufuria kuukuu zile zile, ziling'aa kama za tajiri.

Bi Hawa alipitisha kidole ukutani, akakitazama. Kidole kilikuwa safi. Akaketi kwenye kigoda.

“Fundi ni nani?”

“Ni mimi, shangazi,” akasema Mwanahamisi. “Mara ya kwanza niliharibu. Sikujaribu rangi mpaka zikauke, zote zikawa moja. Nikakwangua, nikaanza tena, na Matata alinisaidia.”

Mama yake alimfinya mkono. Nani anamwambia shangazi wa bwana arusi kwamba aliharibu? Bi Hawa alijipepea kwa ncha ya kitenge.

“Iko joto humu,” akasema hatimaye. “Nipeni maji.”

Vigelegele tulivyopiga vilisikika ng'ambo ya mto Lualaba. Halima, huko ndani, alipiga vyake mpaka akakohoa.

Maji yalipokwisha kunywewa, mama alimvuta Mwanahamisi karibu, akamwambia mbele ya watu wote, na Matata akisikia: “Mwanangu, leo umeniinua kichwa. Ukuta mzuri hata bahati inaweza kuupaka. Lakini kukwangua kazi yako mwenyewe na kuianza tena, na kusema ‘niliharibu’ bila kuulizwa, hiyo bahati haiwezi. Anayeficha kosa hubaki nalo, anayelitaja hulimaliza.”

Tulitoka uwanjani kula. Bi Hawa alibaki jikoni kidogo, kando ya mabeseni yenye udongo uliobaki. Alisema anataka kupumzisha miguu. Alikula vizuri, sahani mbili na robo. Ilipofika saa ya kwenda, akarudisha ukubwa wake wote usoni.

“Jiko ni zuri,” akasema. “Lakini msijivune sana. Kibombo udongo kama huu tuko nao tele, hatuuokoti hata. Kwetu kila jiko liko hivi.”

“Kweli, Bi Hawa?” nikauliza kwa adabu kubwa.

“Haki ya Mungu. Mimi nifanyie nini udongo wa Kindu?”

Akanyanyuka kwa heshima. Fundo moja la kitenge chake likalegea, na donge la udongo wa rangi ya chai ya maziwa likaanguka, likabingirika uwanjani polepole, likasimama kwenye miguu ya Mwanahamisi.