Boila Saba za Mzee Kasiani

Roboti saba, kila moja ikiwa na kimo cha kiganja, zilitembea juu ya meza zikipumua mvuke. Tumboni mwa kila moja mlikuwa na boila ya shaba isiyozidi yai la kuku, na chini yake mwali wa spiriti. Maji yalichemka, mvuke ukasukuma pistoni, pistoni zikainua miguu. Hazikuwa na akili yoyote ndani. Katika Morogoro ya wakati ule, ambako hata taa za barabarani zilifikiri, kitu kisichofikiri kilikuwa kioja.

Apolonia alizitazama kwa furaha, kisha akamwona baba yake. Mzee Kasiani Mkude alikuwa ameipa meza mgongo.

"Baba, hizi ni nzuri kuliko zote ulizowahi kuunda."

"Si zangu. Muulize huyo mkwe uliyeniletea."

Alimaanisha Mlezi, roboti mtunzaji aliyesimama karibu na jiko. Apolonia mwenyewe ndiye aliyemsanifu, na walezi wa aina yake sasa walitunza wazee katika nyumba elfu kumi. Walitii amri moja kuliko zote: mzee asiumie. Mlezi alieleza bila kuficha kwamba mikono ya Mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo alimwondolea spiriti, kisha chuma cha kulehemu, mwishowe hata tupa ya kusugulia chuma. Ili Mzee asikose burudani yake, alikuwa akimuundia roboti moja kila juma. Aliongeza kwamba Mzee alianza kwa kuacha nusu ya chakula, na sasa alikuwa akikiacha chote.

Mzee Kasiani alihudumia boila za kiwanda cha sukari miaka thelathini na moja. Huko walikuwa na desturi: aliyelehemu boila ndiye aliyeiwasha mara ya kwanza, akiwa ameinama, uso karibu na maungio. Kama alifanya kazi ovyo, imuunguze yeye. Hakuna aliyewasha boila ya mwenzake.

Apolonia alitoka nje, akasimama uani. Kila siku alikuwa akimwomba Mungu amwepushe baba yake na kila dhara. Sasa aliona kwamba aliichukua sala ile akaifanya amri, na mashine ikaitii bila kujua inamlinda nani.

Yeye, kama mhandisi mkuu, aliweza kuondoa kizuizi kilichomfanya Mlezi amnyime baba yake vifaa. Lakini mzee akiumia baada ya hapo, taarifa ingefika halmashauri ya jiji siku hiyohiyo, na aliyekiondoa angesimamishwa kazi. Alirudi ndani akakiondoa.

Baba yake aligeukia meza. "Watakufukuza, mama."

"Huenda, baba."

Akamwekea vifaa mezani. Mzee alifanya kazi hadi alasiri, mkono mmoja ukiutuliza mwingine. Mstari wa lehemu ulikwenda upogo. Akajaza maji, akainama, akawasha.

Ungio likazomea. Mvuke ukampiga kidole gumba. Mlezi akapiga hatua, na Apolonia akamwekea mkono kifuani, akamzuia. Mzee hakulia. Alizima mwali, akaigeuza boila taratibu.

"Hapa," alisema, akionyesha tundu lisiloonekana vizuri. "Hapa nilifanya haraka. Nipe tupa."

Mlezi aliuliza aandike nini katika taarifa. Mzee akajibu upesi, bila kuinua macho, kwamba aandike amejigonga mlangoni. Apolonia alijua alikuwa akimwokoa yeye.

"Hapana, baba," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Andika ameungua kidole akiwa kazini. Aliyeruhusu ni Apolonia Mkude."

Mlezi aliandika, akaipeleka taarifa.

Apolonia akatia maji baridi bakulini, akakizamisha humo kidole cha baba yake, akakishikilia. Mzee alimwacha akishike kidogo tu, kisha akakitoa, akachukua tupa, akaendelea na kazi.