Mpira Uliokata Kushoto

"Kunguru Moja, roboti inawashwa. Uko tayari?" redio ya Motorola iliuliza.

"Niko tayari."

Uongo. Ngusa, jasusi wa miaka kumi na tisa kazini, alilala juu ya bati la ghala mjini Katoro, darubini ya Nikon machoni, aibu ya jana ikimtafuna.

Jana roboti ya maonyesho ilirusha mpira mwepesi juu ya ukuta wa uwanja. Ndani ya mpira, memori kadi yenye nusu ya ramani ya siri ya miamba ya dhahabu. Ngusa alipiga mstari ulionyooka kutoka kwenye roboti, ukamfikisha kwenye meza ya dagaa ya Mama Limi.

Akamwaga beseni akitafuta mpira. Akamvua kilemba mbele ya mkwewe, mume wa Limi.

Ngusa ni Msukuma. Alijua kabisa mkwe hapaswi kuona kichwa cha mama mkwe.

Hakukuta kitu.

"Mwanangu," mama alimwambia akiokota dagaa, "ule mpira ulikata kushoto."

Ngusa alimcheka. Mpira ukate kona hewani!

Sasa, akisubiri mpira wa pili wenye nusu iliyobaki, aliitazama roboti vizuri. Magurudumu mawili, mpira unapita katikati. La kulia lilizunguka kwa kasi kuliko la kushoto. Basi mpira ungetoka ukijizungusha, na hewa ingeusukuma kushoto.

Mama alisema kweli.

"Vijana, kushoto. Ile gereji ya jirani, ya Eustace."

"Mkuu, jana ulisema meza ya dagaa."

"Jana nilikosea. Kimbieni."

Mpira ukaruka ukuta, ukaielekea meza, kisha ukapinda kushoto. Fundi mmoja akaudaka kwa ndoo na kurukia pikipiki yake ya Honda. Hakufika mbali. Mtutu wa bastola ya Glock ulikuwa kisogoni mwake.

"Kadi tunayo, na mwenye roboti tunaye. Hongera, mkuu."

Ngusa akazima Motorola, akavaa miwani nyeusi, akashuka kwa mwendo wake wa kuringa. Mezani kwa Mama Limi mwendo ukamwisha. Akavua miwani.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi. Mbele ya mkweo pia, ukitaka."

"Mkwe gani, afande? Wamefunga mizigo asubuhi. Amemchukua Limi na mjukuu wangu. Anasema hawezi tena kunitazama."

Jana alimwita "mwanangu".

Ngusa akasubiri marahaba. Mama akahudumia mteja, akahudumia wa pili, akamwongezea wa tatu. Haikuja.

Akaondoka macho chini, miwani mkononi.