Duara Kwenye Lango Letu

Kila asubuhi naanzia kufagia mlango wa jikoni, nazunguka mparachichi, namalizia langoni. Jumamosi ile ukungu wa Butembo ulikuwa mzito hata sikuona nyumba ya Mama Syauswa, jirani yetu wa ng'ambo ya njia. Nilivuta lango ili nisukume takataka nje. Ufagio ukaniponyoka mkononi.

Kwenye bati la lango, upande wa nje, kimo cha uso wangu, mtu alikuwa amechora duara jeusi. Ndani yake, nukta moja.

— Kyakimwa, unaangalia nini?

Sauti ya Mama Syauswa ilitangulia, kisha yeye mwenyewe akatokea katika ukungu na ndoo yake. Aliona. Akaweka ndoo chini polepole.

— Yesu Maria! Nani alichora ile?

— Sijui, Mama.

— Sema kwa nguvu, mutoto! Kila siku unaongea kama mutu anaungama kwa padiri!

— Sijui!

— Ulisikia mbwa?

— Hapana.

— Hata mimi. Mbwa ya quartier yote ilinyamaza usiku muzima. Mutu anapita, mbwa inanyamaza? — Akafanya ishara ya msalaba. — Ule hapana mutu.

Mimi lile duara nililijua. Lilitoka katika riwaya ya Kifaransa, *Duara la Masizi*, kitabu ambacho mwaka huu kila mtu anakisoma, kuanzia chuoni hadi kwa bamama wa soko. Kitabu chenyewe ni ghali, kwa hiyo watu wanakipiga fotokopi, wanakikata mafungu matatu, na mafungu yanatembea mkono hadi mkono. Kinasimulia mji mmoja wa mbali wenye chama cha siri. Wanachama wanatambuana kwa kuvuta sikio la kushoto. Milango ya watu wanaotakiwa kufa inachorwa duara lenye nukta, na asubuhi mwenye nyumba anakutwa kitandani, kinywa kimejaa masizi.

Hapo ndipo fungu la pili linaishia. La tatu lilikuwa halijanifikia.

Mafungu nililetewa na Lukumani. Yeye ni wa mji wa Beni, commune ya Beu, anaendesha gari la abiria na samaki kati ya Beni na Butembo. Mimi nafundisha Kifaransa, na wanafunzi wangu wa viti vya nyuma wananisoma midomo kwa kuwa sauti haiwafikii. Na Lukumani tulizungumza habari za kitabu tu. Akipita barabarani anavuta sikio la kushoto. Na mimi, nikiangalia kwanza kama Papa hayupo, navuta langu. Neno lingine hatukuwahi kuambiana.

Nilipokuwa nimesimama pale langoni, simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe, namba nisiyoijua:

"Leo saa tisa tunakuja. Tuko batatu. Usitoke."

— Nini hiyo? Leta.

Alikuwa Melchior, kaka yangu mkubwa, ninayemwita Yaya. Ndiye anayeongoza vijana wa ulinzi wa quartier yetu, yaani mtaa wetu. Alinipokonya simu, akasoma, akatazama lango. Sikumwona kushtuka. Nilidhani ni ujasiri.

— Hapana futa hii alama, — alisema. — Batu bote baione.

— Yaya, niliisoma kwa kitabu. Ni alama ya…

— Ya kufa. Najua. — Akanirudishia simu. — Ingia ndani.

Kufikia saa nne quartier nzima ilikuwa imepita kuangalia lango letu. Hakuna aliyegusa. Mama mmoja alifunga magodoro akaenda kwa dada yake kule Vuhovi. Wengine walisimama mbali na kunong'ona, na nilipotoka kuanika nguo wakaniangalia namna watu wanavyoangalia jeneza likipita. Papa, ambaye ni katekista, alikaa sebuleni akisali rozari. Tangu Mama aondoke kwenda matanga ya dada yake huko Beni, na gari lao lisifike, Papa hasemi mengi.

Mchana sikuvumilia. Nilichukua sabuni na kitambaa nikatoka kufuta. Duara halikutoka, lilitanda tu. Halikuwa masizi wala makaa. Ilikuwa grisi. Nikasogeza pua.

Grisi ya gari, na ndani yake, kwa mbali, samaki.

Harufu ile niliijua. Pembeni mwa kila fungu la kitabu palikuwa na alama ya kidole gumba, nyeusi, yenye harufu hiyo hiyo. Niliwahi kuweka kidole changu juu yake nikiwa peke yangu.

Ni yeye.

Nilikimbilia jikoni nikapiga namba ya Lukumani. Ile sauti tamu ya mwanamke ikaniambia kwa Kifaransa kwamba ninayemtafuta hapatikani. Nikapiga tena, ikarudia vile vile. Nikapiga ile namba nisiyoijua.

Ilipokelewa. Hakuna aliyesema "allô". Nilisikia ngurumo, kisha pumzi ya mtu, kisha kitu kikalia, kirefu na chembamba, kama mtoto anayezibwa mdomo. Simu ikakatika.

Nilikaa chini kando ya jiko. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Ningesema nini? Kwamba mtu ninayemvutia sikio barabarani ndiye aliyetuchorea kifo? Au kwamba hata sasa, nikiwa na hofu hivi, bado nataka kumwona?

Saa tisa, ukungu ulikuwa umerudi. Gari lilitokea polepole, taa zimewashwa. Vijana walikuwa wameziba njia kwa magogo, na fimbo mikononi.

— Shuka! Shuka, tunakuambia!

Maliro, kijana mwenye maneno kuliko wote, alifungua mlango akamvuta Lukumani kwa shati. Nyuma ya vioo niliona mwanamke mwenye kitambaa kichwani na mzee mwenye kofia nyeupe.

— Angalia vidole yake! — Maliro alipiga kelele, akiinua mkono wa Lukumani juu. — Angalia makucha! Nyeusi!

— Ni wewe ulichora lango hii? — Melchior aliuliza.

— Ni mimi.

Umati ulivuta pumzi. Mtu akamsukuma, mwingine akampiga kofi. Mwanamke ndani ya gari alilia: "Mutoto yangu!"

— Inasema nini, ile alama?

Lukumani aliniangalia. Kisha akamwangalia Papa, aliyekuwa ametoka na rozari mkononi. Akainamisha kichwa.

— Siwezi kusema hapa.

— Hawezi kusema! Mwanaume ya Beni anachora milango ya batu, mais hawezi kusema! Tumupeleke kambini, kwa basoda!

— Basoda ni mbali, — sauti nyingine ikajibu. — Tumalizane naye hapa.

Nilijua "tumalizane" maana yake nini. Kila mtu pale alijua. Nilipita katikati ya mabega yao hadi mbele yake. Damu ilikuwa kwenye mdomo wake. Nilifungua kinywa, hewa ikatoka bila sauti. Nikajaribu tena.

— Lukumani. Unataka tukufe na masizi mudomoni?

Alinitazama kama mtu aliyepigwa mara ya pili.

— Kyakimwa… haukusoma fungu ya tatu?

— Haijafika.

— Haijafika? — Akageuka. — Yaya Melchior, mimi nilikupatia kwa mukono…

— Nyamaza! — Melchior alisema.

— Fungua nyuma ya gari! — Maliro alipaza sauti. — Tuone silaha zao!

— Hapana fungua! — Melchior akamrukia. — Hakuna haja ya kufungua. Arudi kwao Beni na mbuzi yake!

Maliro akageuka kumwangalia.

Nakumbuka matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye bati. Nyuma ya gari ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyesema habari ya mbuzi.

— Yaya, — niliuliza, na safari hii hata Mama Syauswa aliyekuwa ng'ambo ya njia alinisikia. — Mbuzi gani?

Melchior hakujibu. Alijibu mbuzi mwenyewe. Kutoka nyuma ya gari ukatoka mlio mrefu, mwembamba, kama mtoto anayezibwa mdomo.

Maliro alifungua. Hapakuwa na silaha. Kulikuwa na kikapu cha tilapia wa ziwani Kyavinyonge, kitenge kipya, na mbuzi jike mweupe mwenye kamba shingoni, akitutazama kwa hasira kama abiria aliyecheleweshwa.

Kwetu hakuna mtu anayehitaji kuelezwa kwamba mbuzi anayeletwa kwenye nyumba yenye binti ni wa posa. Fimbo zilianza kushuka, moja baada ya nyingine.

— Melchior, — Papa alisema polepole. — Ulijua.

— Papa…

— Leta kile kijana alikupatia.

Kaka yangu alikwenda kwenye pikipiki yake, akainua kiti, akatoa fungu la karatasi lililokunjwa. Kwenye pembe, alama ya kidole gumba.

— Soma, Kyakimwa, — Papa akasema. — Batu bote basikie.

Nilitafuta hadi nikaona mahali palipopigiwa mstari. Nilisoma Kifaransa, nikatafsiri:

— "Waliokuja kuua waliona duara na nukta, wakapita. Walidhani kazi imekwisha kufanywa. Hawakujua kwamba mtu mmoja aliwatangulia na kuuchora mlango kwa kidole chake, ili mwanamke aliyelala ndani aamke kesho."

— Donc ile alama ni ya kulinda? — Mama Syauswa aliuliza.

— Ya kulinda mutu unamupenda, Mama, — Lukumani alisema, akipangusa mdomo. — Nilifikiri amesoma. Simu yangu ilianguka ndani ya ziwa kule Kyavinyonge, njo maana niliandika kwa simu ya mama yangu. Nikasema, akiona alama, atajua ni mimi.

— Na mbwa? Juu ya nini mbwa ilinyamaza?

— Nilizipatia vichwa vya samaki.

Kuna aliyecheka, kisha wengi, kicheko cha watu waliokuwa karibu kufanya jambo baya. Papa hakucheka.

— Kijana, — alisema. — Kwetu huku batu wanakufa kweli. Mulango ya mutu hapana karatasi ya kitabu. Quartier yote imeshinda na hofu leo.

— Pardon, Papa. Sikufikiri. Nitasafisha mwenyewe.

— Na wewe, Melchior?

Kaka yangu alikuwa ameketi kwenye gogo, uso ndani ya mikono.

— Aliniambia analeta mbuzi leo. Nilitaka bamutishe tu, — alisema. — Arudi, asikuye tena. Sikufikiri batamupiga. — Sauti yake ikavunjika. — Barabara ya Beni ilikula mama yetu. Huyu anatembea nayo kila siku. Akimuoa, Kyakimwa naye atatembea nayo. Siku moja gari haitafika. Papa, mimi sitaweza mara ya pili.

Aliyesogea ni mama yake Lukumani. Alishuka garini, kitambaa kimemlegea kichwani, akaketi kwenye gogo kando ya kaka yangu.

— Mutoto yangu, — alisema, — mimi pia kila akiondoka nahesabu mapumuzi mupaka arudi. Mume wangu alibaki kwa ile barabara. Unafikiri sikuogopa kupanda gari leo? Niliogopa sana. Na mbuzi alinikanyaga njia yote, hata mutu akipiga simu nashindwa kujibu.

Melchior alicheka na kulia pamoja. Kisha akasimama, akaenda mbele ya Lukumani. Walitazamana. Kaka yangu akatoa kitambaa chake mfukoni, akampa afute damu.

— Pardon, — alisema.

— Yaya, yameisha.

— Hayajaisha. Nitakusaidia kusafisha lango.

Mbuzi alikuwa ameanza kula maua ya Papa. Papa aliokota kamba yake, akaishika bila kuifunga.

— Kijana huyu ni Mwislamu, — alisema. — Mimi ni katekista. Kuna mengi tutaongea na huyu mzee wao mwenye kofia, hapana leo tu. Mais neno la kwanza ni la mutoto. Kyakimwa, mbuzi huyu tumufunge, ao arudi Beni?

Watu wote waligeuka. Uso wangu ukawaka. Lukumani alisimama kando ya lango, duara nyuma ya kichwa chake, na niliona mkono wake ukitaka kupanda sikioni, ukajizuia.

Nilitembea hadi kwa Papa. Nikanyoosha mkono nichukue kamba, nimpeleke mbuzi kwenye mparachichi, nimfunge. Kila mtu angeelewa. Nisingehitaji kusema kitu.

Papa hakuiachia kamba.

— Hapana, mama, — alisema kwa upole. Alikuwa hajaniita hivyo tangu Mama aondoke. — Leo nimechoka na alama. Sema na kinywa.

Nilivuta pumzi yenye ukungu. Nikasema, na sauti yangu ikafika hadi ng'ambo ya njia:

— Ninamupenda Lukumani, Papa. Mbuzi afungwe.