Bado Ni Dakika Tisa

Walikutana mji wa Titusville, ukingoni mwa mto watu wanapotazamia urushaji, siku chombo cha anga kilipogoma kuruka. Watu walikuwa wakikunja viti kwa manung'uniko. Dewey Ansley alirudi kinyumenyume akammwagia Loreen Tackett chai ya barafu kwenye gauni lake la njano.

"We kaka, macho umeyaacha angani?"

"Samahani, dada. Yameshashuka. Si unaona yametua kwako?"

Loreen akacheka, na penzi likaanzia hapo. Kumbe wote walifanya kazi kulekule Rasini, kituo cha kurushia vyombo ng'ambo ya mto: Loreen akibandika vigae vya kukinga moto tumboni mwa chombo, Dewey akiendesha winchi.

Miaka mitatu baadaye ikaja safari ya mwisho ya vyombo hivyo. Barua za kuachishwa kazi zilikuwa zimekwisha gawiwa. Loreen alipata kazi kiwanda cha ndege, Kansas. Dewey alishikilia kwamba serikali italeta chombo kingine. Mfa maji haachi kutapatapa.

Asubuhi ile Loreen alimpigia simu. "Saa ya kuhesabia chombo kuruka ikibakisha dakika tisa, uwe mtoni, pale pale petu. Uniambie machoni: unakuja nami au unabaki. Usipotokea naondoka, kabla barabara haijazibwa na umati."

"Nitafika, kipenzi. Niwekee busu."

"Fika kwanza, bwana maneno."

Mtu wa Rasini anajua: saa ile ikifika dakika tisa husimamishwa, mafundi wakague, na huweza kusimama dakika arobaini nzima. Dewey aliisikia redioni ikifika tisa, naye yuko foleni akinunua pai ya ndimu, kipenzi cha Loreen. Akatulia. Alijiambia ana muda. Mimi nasema alikuwa anaogopa.

Alipofika mtoni, nafasi ya Loreen ilikuwa tupu. Akapiga simu.

"Loreen, uko wapi? Bado ni dakika tisa!"

"Ilifika tisa zamani, Dewey. Nimekungoja dakika thelathini na tano. Saa imesimama, na wewe umesimama nayo."

"Geuza gari, mpenzi. Nina pete mfukoni."

"Pete ya kwenda Kansas, au ya kunibakiza?"

Dewey akaitoa pete, akaigeuzageuza kiganjani. Saa ikaanza kuhesabu tena redioni, naye angali anaigeuza. Loreen hakukata simu, alisikika akivuta kamasi. Ng'ambo ya mto moto ukawaka, chombo kikapanda kimya, kwani mlio huchelewa, kikazama mawinguni.

"Nimekiona kwenye kioo cha gari," Loreen akasema kwa kilio. "Vigae vyangu vile."

"Nakuja!" Dewey akapiga kelele. "Loreen, nakuja!"

Lakini mlio ulikuwa umefika. Ardhi ilitetemeka, neno lake hata yeye mwenyewe hakulisikia. Kulipotulia, simu ilikuwa imekatwa, na mtandao umezidiwa na umati uliokuwa ukiwapigia jamaa zao.

Akawasha gari amfuate. Foleni haikusogea hadi jioni, pai ikayeyukia kitini. Barabara ilipofunguka, Dewey aliiacha njia ya Kansas, akakata kona ya kwenda nyumbani kwake.