Wateule kwa Mkupuo

Jumamosi, saa nne asubuhi, Careen, katibu wa umoja wa wafanyabiashara Watanzania, alifungua jalada la katiba ofisini kwao, ndani ya jengo la Tianxiu Dasha huko ughaibuni, akaguta. Kanuni ya tisa ilikuwa imebadilishwa. Ya zamani ilimtaka kila mteule wa mwenyekiti asimame peke yake mbele ya baraza, ahojiwe, ndipo apigiwe kura. Ukurasa mpya uliruhusu wateule wote kumi na mmoja wapitishwe kwa mkupuo, bila swali. Kura ilikuwa saa nane mchana.

Alimpigia Kissa, mnunuzi wa nguo aliyewahi kuwa karani wa mahakama kule Tukuyu. Kissa aliacha marobota yake barabara ya Guangyuan Xilu, akaja amefura kwa hasira. Chini ya ukurasa palisomeka: “Badiliko limepitishwa na baraza, Jumamosi 14 Juni.”

“Nani wameshika jalada hili wiki hii?” Kissa aliuliza.

“Mimi na mwenyekiti Zubeir. Na Dullah, mteule wa kiti cha ustawi. Alhamisi alikuja kutoa nakala ya fomu yake.”

Saa tano na nusu walimkuta Zubeir dukani kwake.

“Ulitaka mkupuo tangu mwezi wa tano,” Kissa alimwambia. “Tukakukatalia.”

“Nilitaka hadharani! Viti vitupu miezi minne, watu wanaugua hakuna wa kuwashughulikia. Jana nilipouona ukurasa huo nilifurahi tu, sikuusoma hadi chini.”

“Hukusoma!” Kissa aligonga kaunta. “Haraka yako ndiyo aliyoitegemea aliyebadilisha ukurasa.”

Saa nane, baraza likiwa limejaa, Kissa aliuinua ukurasa.

“Dullah, tarehe kumi na nne Juni ulikuwa wapi?”

“Hapa, mkutanoni, kama wenzangu.”

“Ukanyoosha mkono kupitisha?”

“Nilinyoosha.”

Minong’ono ilizagaa ukumbini.

“Siku hiyo mkutano uliahirishwa,” Kissa alisema. “Tulikuwa makaburini tukimzika Ilham. Zubeir aliingia kaburini kumpokea. Careen aliwapikia waombolezaji. Wewe ulijificha mji wa Yiwu, hukujua hata siku tuliyomzika!”

Chausiku, dada yake Ilham, alisimama. “Zamu ya simu ya wagonjwa ilikuwa yake. Mdogo wangu alimpigia mara saba, tumbo limemkaza. Akazima simu.”

Dullah alijifuta uso. “Nilijua ungeniuliza hilo mbele ya watu, Chausiku. Ndiyo maana nikabadilisha ukurasa. Kwa mkupuo usingepata nafasi.”

Zubeir alichukua kalamu alifute jina la Dullah.

“Usifute, mwenyekiti,” Kissa alimzuia. “Kanuni yetu ingali ile ile. Ahojiwe.”

Chausiku alisogea mbele. “Alipopiga mara ya saba, uliliona jina lake?”

“Nililiona.”

Careen aliwataka wanaomkubali wanyooshe mikono. Hakunyoosha hata mmoja. Akaliita jina la mteule wa pili.