Zamu Ilikuwa Yangu

Kila asubuhi Warda aliosha vyombo, akafagia uwanja, akawafungulia kuku, kisha akaenda kuchota maji bombani. Juma hilo kazi hizo zilikuwa zinapungua zenyewe. Kuku walikwisha kugawiwa majirani, kasoro jogoo mmoja, vyombo vilibaki sufuria mbili na sahani tatu, na hata ndoo ya maji ilikuwa na mwenyewe mpya, aliyepita kila siku kuulizia kama safari ingali ipo. Familia yao, iliyoishi kandokando ya bonde la mpunga wilayani Kibiti, ilikuwa inahamia Komoro.

Baba yake, Sufiani, ni fundi wa mashua. Huu ulikuwa mwaka wa pili yuko Moroni, mji mkuu wa Komoro, na sasa alikuwa amepata nyumba ya kupanga na nafasi za shule kwa watoto. Pasi zilikwisha kutoka. Kadi za chanjo zilikwisha kugongwa mhuri. Mama yake, Mwanajuma, alizitia zote katika mfuko wa nailoni, mfuko akautia mkobani, na kila baada ya muda mfupi alifungua mkoba kuhakikisha kwamba hazijatoroka. Mudathiri, mdogo wake Warda mwenye miaka mitano, shida yake ilikuwa moja tu: alitaka jogoo wake naye apigwe picha ya pasi.

Nyumba nzima ilikuwa na furaha. Warda naye alicheka palipochekwa, lakini moyoni hakuwa na raha hata kidogo. Mama alidhani ni wasiwasi wa safari.

"Keshokutwa tunaondoka," mama alisema siku ya Alhamisi, huku akijitanda mtandio. "Leo tunapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Hatuwezi kwenda nchi ya watu tumeacha kinyongo cha jirani huku nyuma. Mudathiri atabaki kwa shangazi. Vaa, twende."

Warda alivaa polepole. Alijua nyumba moja ambayo hakutaka kuifikia.

Wiki mbili na siku mbili nyuma, Warda na rafiki yake Faudhia walikuwa wakipokezana kuamia ndege katika shamba la mpunga la Bi Mwanaidi, bibi yake Faudhia. Mwamiaji hukaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, akapiga debe na kurusha udongo kwa kombeo. Siku hiyo zamu ya alasiri ilikuwa ya Warda. Lakini fundi cherehani alikuwa amemletea habari kwamba gauni lake la safari liko tayari. Warda akajiambia anakwenda kulijaribu mara moja tu. Hiyo mara moja ikawa saa nzima, maana gauni lilikuwa na mfuko pembeni, na kioo cha fundi kilikuwa kirefu.

Aliporudi, alikuta kweleakwelea wametua shambani kwa mamia. Aliruka, akapiga kelele, akapiga debe mpaka mikono ikamuuma. Ndege waliondoka wameshiba. Upande mzima wa shamba ulibaki makapi.

Bi Mwanaidi alipofika na kuuliza zamu ilikuwa ya nani, Warda alijibu kabla hajafikiri: "Ya Faudhia, bibi. Tulibadilishana."

Aliaminiwa palepale. Faudhia alijulikana kwa kupenda kucheza rede, na Warda alijulikana kwa utulivu. Faudhia alilia, akaapa, lakini hakuna aliyemsikiliza. Bibi yake alimwondoa dunguni, akawa anakwenda kuamia mwenyewe, na magoti yake yale mabovu. Kijiji nacho hakikuchelewa kumpa Faudhia jina. Wakamwita Mlisha Ndege.

Basi mama na Warda wakaanza kupita. Nyumba ya kwanza walisamehewa, wakapewa na maembe mabichi ya kuchovya chumvi njiani. Nyumba ya pili walisamehewa na kuombewa dua. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Bi Faraja, mwanamke mwema lakini mdomo wake haukuwa na kufuli.

"Sina neno nanyi, Mwanajuma," alisema Bi Faraja. "Na mwanao huyu katulia, kakulia mikononi mwetu. Si kama yule Mlisha Ndege!"

Mama alitabasamu. Warda alitamani ardhi ipasuke.

Nyumba ya nne ndiyo ile. Faudhia alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka, na hakuinua uso. Bi Mwanaidi alijinyoosha kwa shida kwenye kigoda.

"Shikamoo, mama," alisema mama.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Tumekuja kukuaga na kukuomba radhi. Tumekaa miaka kumi na miwili jirani. Tulilokukosea tukijua, na tulilokukosea bila kujua, utusamehe."

"Nimekusameheni, dunia na akhera. Nanyi mnisamehe mie." Bi Mwanaidi aliweka mkono juu ya kichwa cha Warda. "Na wewe mjukuu wangu, sina neno nawe. Nenda ukasome."

Imekwisha! Warda alifikiri. Amekwisha kusamehewa, tena mbele ya mashahidi. Kilichobaki ni kusema ahsante na kuondoka. Lakini hapo Faudhia alikunja ukili wake, akaingia ndani. Warda alimtazama mgongo, na jambo moja likamjia waziwazi. Wao wakiondoka Jumamosi, Faudhia atabaki Mlisha Ndege maisha yake yote, kwa sababu mtu pekee anayeweza kumvua jina hilo atakuwa ng'ambo ya bahari.

"Bibi," alisema Warda. "Bibi, usinisamehe kwanza."

"Warda!" mama alishtuka.

"Zamu ilikuwa yangu. Hatukubadilishana. Nilikwenda kujaribu gauni. Faudhia hakukosa kitu."

Mama alifungua mdomo, Bi Mwanaidi akamnyamazisha kwa mkono. Kisha akaita, "Faudhia! Njoo hapa." Faudhia alipotoka, bibi akamwambia Warda, "Sema tena, mwenzio asikie."

Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana Faudhia alikuwa akimtazama usoni. Warda alisema yote huku machozi yakimtiririka.

"Siku kumi na sita," alisema Faudhia kwa hasira. "Siku kumi na sita wananiita Mlisha Ndege, na wewe ulikuwa unapita hapa kila siku!"

"Najua. Niliogopa. Nisamehe, Faudhia."

"Nikikusamehe hapa barazani, Bi Faraja atajua? Wenzetu madrasa watajua?"

Bi Mwanaidi ndiye aliyemjibu, naye aliongea taratibu. "Mtoto ana haki. Na mie nina kosa langu. Mjukuu wangu aliniapia, nikamwacha nikamsikiliza wa jirani. Nisamehe, Faudhia." Faudhia aliposikia hivyo hasira ilimwisha ghafla. Aliketi chini, akaegemea miguu ya bibi yake, akalia kwa sauti.

Mama alifunga mtandio wake vizuri. Alikuwa ameona haya mpaka shingoni, lakini aliushika mkono wa Warda kwa nguvu. "Inuka," alisema. "Tunarudi tulikotoka."

Wakarudi kwa Bi Faraja, safari hii Faudhia akiwa pamoja nao. Bi Faraja alishika shavu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakosa la kusema. Wakazirudia na zile nyumba mbili nyingine. Kila alipokuwa akisema, Warda alihisi kifua kinapata nafasi ya kupumua. Mwishowe wakafika madrasa, na mwalimu Abubakary akamruhusu asimame mbele ya wenzake.

"Aliyeacha ndege wakala mpunga ni mimi," alisema Warda. "Nilimsingizia Faudhia."

Minong'ono ikazuka. Mtoto mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Kumbe Mlisha Ndege ni huyu!" Wengine wakaangua kicheko.

"Basi!" Faudhia aliwageukia. "Jina hilo limekwisha. Asiitwe nalo mtu yeyote tena."

Kicheko kikakatika. Mwalimu Abubakary aliwatazama wote mmoja mmoja.

"Wanangu," alisema, "kuomba radhi ya jumla ni rahisi, kila mtu anaweza. Kazi ni kulitaja kosa lako lenyewe, mbele ya uliyemkosea, na mbele ya wale uliomharibia jina kwao. Mwenzenu angeweza kuondoka na siri yake, na sisi tungebaki tunamdhulumu mtoto wa watu. Amechelewa, lakini amesema kweli, na aliyedhulumiwa amesafishwa. Mkikosea, msichelewe kama yeye. Lakini mkichelewa, bado semeni."

Warda alifuta uso kwa ncha ya mtandio. Lile donge la siku kumi na sita halikuwapo tena. Alitazama pa kukaa. Faudhia alisogea kidogo kwenye mkeka, akampa nafasi.