Kukaa au Kulala

Siku walipokutana, foleni ya tiketi ilikuwa imetoka hadi nje ya mlango wa stesheni, na aliyeiziba alikuwa dada mmoja. Alisimama dirishani na gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, begi miguuni, karani akimuuliza kwa mara ya tatu, "Dada, kukaa au kulala?"

"Kulala kuna nini?"

"Kuna kitanda."

"Na kukaa?"

"Kuna kiti. Dada, watu wanasubiri."

Nyuma yake sauti ya kiume ikadakia, "Chukua kitanda, dada yangu. Saa kumi na sita si mchezo. Mgongo hauuzwi dukani."

Akageuka. Kijana mrefu, miwani puani, shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka. "Kitandani nitaona nini, kaka? Dari?" Akamgeukia karani. "Kukaa."

Watu wakacheka. Zamu ya yule kijana ilipofika, bila haya yoyote baada ya nasaha zake zote, aliomba kiti. Kile cha pembeni mwa dada wa gauni la bluu.

Ndivyo walivyoanza. Dada alikuwa mshonaji wa mapazia. Kijana alikuwa fundi wa miwani, kazi yake kusaga vioo vya watu wasioona vizuri. Waliongea njia nzima, na waliposhuka shingo zilikuwa zimekakamaa na hakuna aliyejali. Mwaka na nusu baadaye dada alikuwa akimwita Miwani, na yeye akimwita Pazia. "Kwa sababu ukijifunga, hakuna anayeona ndani," alimtania.

Mzaha ule ulikuwa na kweli yake, kwani Pazia alikuwa na jambo moyoni. Mama yake, aliyeishi kule mwisho wa reli, alikuwa amepatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Dada yake mkubwa alimuuguza miezi minne, sasa alikuwa anamfuata mumewe kazini, mbali. Aliyebaki ni Pazia. Akaaga kazini, akauza cherehani, akafunga mizigo. Miwani alichojua ni kwamba wanakwenda kwa siku nne, kumjulia hali mama na kupeleka posa.

Kwa nini hakumwambia? Alimjua mtu wake. Angemwambia kwa simu, angejibu "nitahamia nawe" kabla hajameza mate, kisha ajute mwaka mzima. Alitaka kumwambia ndani ya treni, wakiwa bega kwa bega, apate safari nzima ya kufikiri. Maneno alikwisha kuyapanga: wakivuka daraja la kwanza tu, anaanza.

Simu ikalia.

"Halo, mama wa mapazia."

"Abee, baba wa vioo."

"Tiketi ninazo, za kwenda na kurudi. Safari hii hatuteseki, mpenzi. Kulala!"

Pazia akaitazama mizigo aliyokwisha kuifunga.

"Pazia? Unanisikia?"

"Chumba kimoja?"

"Ee, hapo sasa. Wanaume kwao, wanawake kwao. Labda tungekodi chumba kizima, na vimejaa. Lakini utalala, mama. Wiki mbili hizi macho yako mekundu kama pilipili."

"Ungeniuliza."

"Nilitaka kukushangaza."

"Umenishangaza," akasema, akakata simu.

Miwani akabaki ameitazama simu yake. Mtu ananunuliwa kitanda, ananuna? Pengine amenichoka, akawaza. Na kwa upande wake Pazia aliona kwamba mwenzake amepata saa kumi na sita za kuwa naye, akachagua ukuta wa kuwatenganisha. Hapo mimi simtetei. Alikuwa anamkasirikia mtu kwa kutojua jambo ambalo yeye mwenyewe alilificha.

Siku ya safari, alasiri, walisalimiana kwenye jukwaa la treni kama watu wanaofanya kazi ofisi moja. Miwani alikuwa amebeba suti yake ya kijivu ndani ya mfuko wa nailoni, ikiwa imetundikwa kwenye hanga. "Nataka mama anione nimenyooka," alisema. Pazia akaitikia kwa kichwa. Kila mtu akaingia chumbani kwake.

Kitanda cha chini chumbani mwa Pazia kilikuwa na mama mmoja mnene, muuguzi mstaafu, aliyekwisha kuvua viatu. Akamtazama Pazia.

"Mwanangu, mbona umekaa kama mgonjwa anayesubiri kuitwa?"

"Mwenzangu yuko kwa wanaume. Nina jambo la kumwambia."

"Zito?"

"Zito, mama."

"Basi unangoja nini? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Behewa la kukaa liko mbele, na huko hawatenganishi watu."

Pazia akaenda. Akapata kiti kimoja kitupu, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Kitanda cha juu. Kuna mzee anakoroma na jua bado liko juu."

"Njoo behewa la kukaa."

"Nina kitanda, Pazia."

"Njoo."

Alikuja. Kiti cha pembeni kilikuwa na mwashi mmoja, magoti yamebana kwenye kiti cha mbele. Miwani akamwinamia. "Ndugu yangu, nina kitanda, shuka safi. Tubadilishane?"

"Unataka na nini juu?"

"Kiti chako tu."

"Bwana, una akili timamu?"

"Muulize huyu," akasema Miwani, akimwonyesha Pazia. Mwashi hakuuliza. Alikusanya vyake upesi, mtu asije akabadili nia.

Daraja la kwanza walikuwa wamelipita kitambo. Pazia akaanza hivyo hivyo. "Ile tiketi yangu ya kurudi, mpe mtu mwingine."

Akamweleza yote. Miwani alisikiliza akifuta miwani yake kwa ncha ya shati, ikawa safi, akaendelea kuifuta.

"Kwa hiyo unaniacha."

"Simwachi mtu. Nakwenda kumtunza mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apone. Au asipopona."

"Na posa ninayoipeleka?"

"Ndiyo maana nakuambia kabla hujaitoa."

"Umeuza cherehani, umeaga kazini, mji mzima unajua. Mimi ndiye wa mwisho!"

"Ningekuambia, ungesema utahamia nami."

"Ningesema!"

"Kisha?"

Miwani akaivaa miwani yake. Alitamani kuondoka akalale ameugeukia ukuta, lakini kitanda alikwisha kukigawa. Ikabidi wakae hapo hapo, wamenuniana, viwiko vikigusana. Miwani akawaza duka, bosi wake, mashine ya kusagia vioo aliyoizoea. Akawaza na mji bila Pazia, akaona hautamaniki. Kulipopambazuka kichwa cha Pazia kilikuwa begani kwake. Hakukiondoa.

Walifika saa tatu asubuhi. "Nisubiri na mizigo," akasema Miwani, akashika njia ya ofisi ya tiketi. Kupitia kioo Pazia alimwona akimpa karani tiketi. Anarudi leo leo, akajua. Alimpenda mno mtu yule, na aliona amempoteza kwa kunyamaza kwake mwenyewe. Akakaa juu ya begi.

Miwani akarudi, akamwekea tiketi mkononi.

"Yangu ya kurudi ninayo, ya siku nne zijazo. Kuna miwani ya watu kumi na mmoja haijakamilika, siwezi kuwaacha hawaoni. Na bosi bado sijamuaga. Nilitaka kusema nabaki leo, nikaona ndiyo ile haraka yangu unayoiogopa. Hiyo uliyoshika ndiyo ile yako. Nimeibadilisha, iwe yangu."

Pazia akaisoma. Tarehe ya mwisho wa mwezi ujao. Kutoka mjini, kuja huku.

"Umefikiri lakini?"

"Saa kumi na sita. Ningefanya nini kingine?" Sauti yake bado ilikuwa na uchungu kidogo. "Usinifiche tena, Pazia. Hilo ndilo lililoniuma."

"Sitakuficha tena." Akaigeuza tiketi nyuma na mbele, macho yamejaa machozi. "Na ya kurudi iko wapi?"

"Karani naye kaniuliza hivyo hivyo," akasema Miwani, akiliinua begi lililo zito kuliko yote. "Nikamwambia hakuna."